Mashine ya Kupasulia Kuni: Nani Ainunue, na Apime Nini?

Hesabu ya mwezi katika nyumba ya askari huanzia jikoni. Mshahara ukishapokelewa, karo ya watoto hutengwa, unga wa posho na maharagwe hununuliwa, kisha swali la kuni huzuka. Maharagwe hayajui cheo. Ya afande na ya kuruta yote hudai moto wa saa mbili na zaidi, na moto huo hauna budi kulipiwa, ama kwa fedha ama kwa mgongo wa mtu. Makaa nayo hayashikiki bei, na tangu mwezi wa Mei 2023, Rais wa Uganda alipotoa amri ya kukomesha uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini, wengi wetu tumelazimika kufikiri upya habari ya kuni.

Kuni hupatikana kwa njia mbili. Zipo zilizokwisha kuchanjwa, zikafungwa mafungu na kuuzwa kando ya barabara. Na yapo magogo mazima, hasa ya mkaratusi, yaletwayo kwa lori. Anunuaye magogo hulipa kidogo kwa kila kilo, lakini pamoja na magogo hayo amejinunulia kazi. Ndipo huja mfanyabiashara na picha ya mashine nyekundu yenye magurudumu mawili, akisema kwamba gogo huwekwa, mkono huvutwa, na gogo huwa vipande viwili bila jasho. Mashine hizi za nguvu ya mafuta yaliyobanwa, ziitwazo mashine za haidroliki, zimezoeleka zaidi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako watu hupasha nyumba joto kwa kuni wakati wa baridi. Sasa huagizwa hata huku kwetu. Swali la ukurasa huu ni kama zafaa kuingia katika bajeti ya mtu wa mshahara, na kama zafaa, ni ipi, na yaani kwa nani.

KABLA YA MASHINE, KUNI ZENYEWE

Sisi tuliosomea ualimu tulifunzwa kuanza somo kwa kile ambacho mwanafunzi anacho mkononi. Basi tuanze na gogo.

Gogo la mkaratusi lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mama anayenunua kilo 10 za kuni mbichi amenunua kilo 5 za kuni na robo debe ya maji, na maji hayo hayana budi kuchemka na kutoka ndani ya kuni kabla sufuria haijapata haki yake. Wapimao joto kwa kipimo cha megajuli hutuambia kwamba kilo moja ya kuni mbichi namna hiyo hutoa kama 8, ilhali kilo ya kuni zilizokauka hata maji yakabaki sehemu moja katika tano hutoa kama 15. Ni karibu maradufu. Tena kuni mbichi ndizo zitoazo moshi mwingi, na wale wanaoishi katika vibanda vya bati vya duara katika kambi za polisi hawahitaji kufundishwa maana ya moshi.

Gome la mti limeumbwa kuzuia maji yasitoke. Gogo zima likilazwa uani hukauka kwa miisho yake miwili tu, polepole mno. Likichanjwa, jua na upepo huingia tumboni mwake. Kwa hiyo kuchanja si kazi ya kupata vipande vinavyoingia jikoni tu. Ndiyo njia ya kuzikausha kuni, na vipande vyenye unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima, vikipangwa kwa kupishana juu ya miti miwili ili visigusane na udongo, chini ya upenu au kipande cha bati kilicho wazi pande zote, hukauka vizuri kwa miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Katika sehemu za kusini anayenunua magogo mwezi wa Desemba akayachanja upesi atapikia kuni kavu mvua za Machi na Aprili zikinyesha. Anayeyanunua mvua zikianza atapika machozi.

Mkaratusi una tabia yake ambayo wauzaji wa mashine hawaitaji. Ukiwa mbichi hupasuka kwa urahisi. Mara nyingi hata hujipasua wenyewe miishoni, masaa machache baada ya kukatwa, kwa sababu ya mvutano uliomo ndani ya shina. Ukiachwa mzima hata ukakauka, nyuzi zake hushikamana na kuwa kama chuma, na shoka hurudi nyuma likilia. Sasa fikiri ni nyumba ngapi ambazo magogo hushushwa lorini, hulala uani miezi minne yakingojea siku ya nafasi, kisha baba mwenye nyumba akirudi kutoka lindo huyapiga mara ishirini na kusema, "Kazi hii yataka mashine." Huyo hahitaji mashine. Anahitaji kuibadili siku ya kuchanja. Gogo lile lile, wiki ya kwanza, lingalimtii kwa mapigo mawili au matatu.

Miti mingine ni habari nyingine. Mwembe una nyuzi zilizosokotana, ukiupiga huku waendelea kushikana kule. Mgunga ni mgumu na una mafundo. Mkahawa mzee uliopogolewa, kwa upande wake, ni kuni njema sana, nzito na zenye kaa la kudumu, wala matawi yake hayahitaji kupasuliwa. Kabla ya kuuliza bei ya mashine, mtu ajiulize ni mti gani autumiao kwa mwaka mzima, na unene wake ni kiasi gani. Mtu wa magogo ya mkaratusi yenye upana wa shubiri moja amekwisha jibiwa.

KWA NYUMBA MOJA

Shoka nyingi zilizoko majumbani ni za kukatia miti. Uso wake ni mwembamba, huingia katika gogo na kunasa humo. Shoka la kuchanjia lina mashavu mapana yanayolazimisha gogo kutanuka, na uzito wake ni kilo 3 hadi 4; kazi hufanywa na uzito, si na bega. Pamoja nalo pawepo kabari mbili za chuma na nyundo kubwa. Kabari ya kwanza hufungua ufa, ya pili huufuata, na gogo lolote la kawaida husalimu amri. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo: gogo kubwa lisilotaka kupasuka katikati huchanjwa kwa kubandua pembeni, tabaka baada ya tabaka, kama mtu akatavyo mkate.

Hapa lipo onyo. Mafundi wengine hutengeneza kabari kwa springi za lori. Chuma hicho kimekaushwa sana, na kikipigwa kwa nyundo huweza kuruka cheche kali za chuma zenye kutoboa jicho. Kabari iwe ya chuma laini kidogo kuliko nyundo. Kichwa chake kikivimba na kukunjuka kama uyoga kutokana na kupigwa, kisagwe kwa jiwe mpaka kilainike. Wala kisogo cha shoka si nyundo. Kupiga kabari kwa shoka ni kuliharibu shoka na kuhatarisha macho ya walio karibu.

Kwa vipande vidogo vya kuwashia moto, ambavyo aghalabu huchanjwa na akina mama na watoto, kuna chombo ambacho ningependa kukiona katika kila jiko. Mwaka 2013 msichana wa Nyuzilandi, Ayla Hutchinson, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alimwona mama yake akijikata kidole alipokuwa akichanja vipande vya kuwashia. Akafikiri kinyume cha watu wote: kwa nini makali yashuke kuelekea mkono? Akatengeneza, kwa maonyesho ya sayansi ya shule, fremu ya chuma yenye makali yaliyosimama chini yakitazama juu, na duara la chuma juu yake. Kipande cha kuni husimamishwa ndani ya duara juu ya makali, kisha hupigwa kichwani kwa nyundo ya kawaida. Makali hayaendi popote, na mkono haupo njiani mwake. Chombo hicho sasa huuzwa katika nchi nyingi. Lakini mafundi wa kuchomelea wa Katwe, mjini Kampala, ambao hutengeneza majiko, magurudumu ya toroli na mashine za kukobolea, hawatashindwa na duara, nguzo nne na kipande cha chuma kilichonolewa. Mtu achore tu vipimo na kukaa karibu na fundi mpaka ahakikishe kwamba makali yamechomelewa pande zote mbili.

Kwa nyumba ya watu saba au nane, vitu hivi vyatosha. Nasema hivyo wazi, ijapokuwa kichwa cha habari hii ni mashine.

NGUVU YA MAFUTA YALIYOBANWA

Kila dereva wa jeshi anaijua jeki ya chupa. Mtu mmoja, kwa mkono mmoja, hupampu kijiti kifupi na lori la tani nane huinuka. Siri yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: mafuta au maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, ukiyasukuma mahali pamoja, husukuma kwa nguvu ile ile kila sehemu ya ukuta wa chombo. Pistoni ndogo ikisukuma mafuta yaende chini ya pistoni kubwa, pistoni kubwa hupata nguvu kubwa, ila huenda polepole. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya ubunifu wa mashine ya kubania kwa kanuni hiyo. Mashine ya kupasulia kuni ni mjukuu wa jeki na wa Bramah: pampu, tangi la mafuta, valvu inayoongozwa kwa mkono, silinda, na kabari. Gogo hukaa kati ya kabari na bamba la chuma, silinda husukuma, na nyuzi za mti huachana.

Sasa tufike kwenye tani. Kila mashine huuzwa kwa tani zake: tani 7, tani 20, tani 30. Mnunuzi asikubali tani zilizoandikwa kwa rangi ubavuni. Azipime mwenyewe, maana hesabu yake ni ya darasa la saba. Mambo mawili yatakiwa. La kwanza ni upana wa ndani wa silinda, ambao hauwezi kuwa mkubwa kuliko upana wa nje unaopimwa kwa rula. La pili ni mkazo wa mafuta, ambao huandikwa katika kitabu cha mashine au kwenye kibati, mara nyingi kwa kipimo cha baa. Baa moja ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba.

Tuseme silinda ina upana wa sentimita 10 kwa ndani, na mkazo ni baa 200. Nusu ya upana ni 5. Tano mara tano ni 25, mara 22 gawa kwa 7, ni kama sentimita za mraba 78 na nusu. Zidisha kwa 200 upate kilo 15,700, yaani tani 15 na kitu. Muuzaji akisema mashine hiyo ni ya tani 30, ama silinda yake ni nyingine ama hesabu yake ni ya namna ya peke yake. Silinda ya sentimita 7 kwa mkazo huo huo hutoa kama tani 7 na theluthi mbili. Beba rula na kalamu dukani. Muuzaji mwaminifu hataona haya kupimiwa.

Je, tani ngapi zatosha? Kwa mkaratusi ulionyooka wenye upana usiozidi sentimita 25, tani 5 hadi 7 zafanya kazi. Kwa magogo mapana zaidi, yenye mafundo, au kwa mwembe na mgunga, tani 12 hadi 16 za kweli zafaa. Zaidi ya hapo ni fahari. Tena kuna jambo ambalo tani hazisemi, nalo ni mwendo. Mashine yenye nguvu nyingi na pampu ndogo hutambaa kama kobe. Pampu nzuri ina hatua mbili: huenda upesi kabari ikiwa haijagusa gogo, kisha hujipunguza mwendo na kuongeza nguvu inapokutana na ugumu. Muulize muuzaji silinda huchukua sekunde ngapi kwenda na kurudi, kisha itazame ikifanya hivyo kwa saa yako.

AINA TATU

Ya kwanza ni ya mkono. Ina mikono miwili ya kupampu na silinda kama ya jeki kubwa, aghalabu ya tani 10, na hupokea gogo lenye urefu wa kama sentimita 45. Haitaki umeme wala petroli, haina kelele, na uzito wake ni kilo thelathini na kitu, yaani askari wawili huibeba bila kulalamika. Kasoro yake ni mapigo mengi ya mkono na muda mrefu kwa kila gogo gumu. Kwa mzee aliyestaafu ambaye mabega yake yamekataa shoka, au kwa mama aliyebaki peke yake mumewe akiwa katika ulinzi wa amani nchi za nje, mashine hii ndiyo pekee ambayo ningeisema kuwa ya nyumba moja.

Ya pili ni ya umeme. Nyingi ni za tani 5 hadi 7 zenye mota ya wati 1,500 hadi 2,200, na uzito wa kama kilo 50. Saa moja ya kazi ya mota ya wati 2,200 hula yuniti 2 na kitu kidogo, jambo ambalo mwenye mita ya Yaka anaweza kulipima kabla ya kununua. Asome kibati cha mota: umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50. Mota iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, volti 120 na mizunguko 60, itaungua siku ya kwanza, hata kama iliuzwa kwa bei ya urafiki. Waya wa kurefushia nao uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, na usiwe mrefu bila sababu. Waya mwembamba hupunguza volti na mota huungua polepole, mwenyewe akilaumu kiwanda. Na katika nyumba nyingi za kambi, ambako waya mmoja umegawanywa kwa vyumba vitano, mashine hii isiunganishwe kabisa.

Ya tatu ni ya petroli, yenye injini ya nguvu za farasi 6 au 7, silinda kubwa na magurudumu ya kuvutwa. Uzito wake hupita kilo 200. Hii ndiyo iliyo katika picha ya mfanyabiashara. Injini zake ni ndugu wa zile za pampu za kumwagilia na jenereta ndogo, kwa hiyo vipuri hupatikana na mafundi wanazijua. Walioko mahali pa juu wakumbuke kwamba injini hupungukiwa na hewa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na huko injini imekwisha kupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, na Kabale hupoteza zaidi. Kwa mashine hii maana yake ni mwendo wa polepole tu.

Kuna na ya nne isiyo dukani, ile ambayo fundi huchukua jeki ya chupa ya tani 20 na kuifungia katika fremu. Wazo si baya, na ni rahisi. Lakini jeki nyingi za chupa zimetengenezwa zisimame wima. Zikilazwa ubavuni huweza kuvuta hewa badala ya mafuta. Basi fremu iwe ya wima. Tena fremu hiyo itabeba nguvu ile ile ya jeki, ikivutwa na kupinduliwa kila siku, na mchomeleo mmoja dhaifu ukiachia, chuma huruka kwa nguvu ya tani. Asiyemwamini fundi wake kwa jambo hili asimpe kazi hiyo.

NANI AINUNUE

Tuchukue mfano wa hesabu, usio bei ya duka lolote. Mashine ya petroli yagharimu shilingi milioni 4. Familia moja humlipa kijana wa kuchanja shilingi 20,000 kwa mwezi. Ili mashine irudishe fedha yake katika nyumba hiyo itahitaji miezi 200, yaani miaka 16 na miezi 8, bila kuhesabu petroli wala mafuta. Askari huyo atakuwa amekwisha hamishwa mara nne. Lakini familia 40 zikishirikiana, kila moja itatoa shilingi 100,000, nayo itazirudisha kwa miezi 5, au tuseme 7 au 8 ukitia petroli na malipo ya mwendeshaji. Na mwendeshaji bora ni yule yule kijana aliyekuwa akichanja. Magogo anayajua, na si haki mashine imwondolee riziki.

Kwa hiyo mahali pa mashine kubwa ni kantini, shule ya watoto wa askari, jiko la kikosi, au kikundi cha akina mama wenye daftari na mweka hazina. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Kikundi kilichojipanga kinaweza kuzungumza na chama chake. Mtu mmoja kukopa kwa ajili ya mashine ya kuni, hapana. Mkopo huo ungefaa zaidi bati la kuezekea banda la kuni, ambalo litazikausha na kuokoa sehemu ya kuni kila mwezi. Kikundi kisisahau kuomba ruhusa ya mkuu wa kambi kwa maandishi, maana kuna kelele, na kuna petroli ya kuhifadhiwa mbali na nyumba.

Katika safari za kikazi nimeona shule moja ya bweni ambako mashine nzuri ya namna hii ilikuwa imelala ghalani miezi mingi, buibui wamejenga katika kabari, kwa sababu sili moja ya mpira katika silinda ilichanika na hakuna aliyejua ukubwa wake. Wapishi walikuwa wamerudia shoka. Siku ya kununua, andikeni katika daftari vipimo vya sili zote na nunueni seti moja ya akiba papo hapo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mashine iliyolala.

MKONO NA MASHINE

Mashine hizi huenda polepole, na hilo ndilo huwadanganya watu. Shoka humtisha mtu. Silinda itambaayo haimtishi, wala haisimami ikikutana na kidole. Katika nchi za Ulaya kanuni za usalama zadai mashine iwe na vishikio viwili, kila mkono na chake, ili ukiachia kimoja kabari isimame. Ukiona mashine ambayo kishikio kimoja kimefungwa kwa waya au mpira ili mtu atumie mkono mmoja, jua kwamba kuna mtu aliyeona usalama ni usumbufu. Usiinunue kabla haijarudishwa katika hali yake.

Ajali nyingi hutokea watu wawili wakifanya kazi pamoja, mmoja akiweka gogo na mwingine akivuta mkono wa valvu. Anayeweka ndiye avute. Msaidizi akae mbali, abebe vipande vilivyokwisha kuanguka. Watoto wawe nje ya mstari uliochorwa chini kwa chokaa, hatua tano kwa uchache. Miisho ya gogo ikatwe sawasawa, maana gogo lenye mwisho wa mshazari huteleza na kuruka.

Hatari ya mwisho haionekani kwa macho. Mpira wa mafuta ukitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa mkazo wa baa 200 na huweza kupenya ngozi. Mtu huona alama ndogo, isiyouma sana, akaifuta na kuendelea. Ndani ya masaa kidole huvimba na nyama huanza kufa. Usitafute uvujaji kwa kupapasa kwa mkono. Zima mashine, kisha tumia kipande cha boksi. Aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitali saa ile ile, na amweleze daktari kwamba ni mafuta ya mashine yenye mkazo, wala asikubali kupewa plasta na kurudishwa nyumbani.

Utunzaji si mwingi. Mafuta yawe ya haidroliki, namba 46 yafaa kwa joto letu, wala si mafuta machafu ya injini yaliyotolewa katika gari. Yabadilishwe yakiwa na rangi ya maziwa, maana hapo maji yameingia. Mashine nyingi ndogo za umeme zina skrubu ya kutolea hewa juu ya tangi: hulegezwa mizunguko miwili au mitatu kabla ya kazi, na asiyeilegeza hupasua sili. Kazi ikiisha hukazwa tena. Na barua ya uhamisho ikija, mashine ikiwa ya kupakiwa lorini pamoja na vitanda, skrubu hiyo ikaguliwe mara mbili, na mashine isimamishwe wima kama ilivyotengenezwa, maana lita tatu za mafuta zikimwagikia magodoro njiani, hakuna sabuni itakayoyatoa.